Ujumbe wa Otiende Kutoka Kiwandani

Merigi, Jumanne

Shemeji Dorcus,

Watoto wanaendeleaje huko Siaya tangu tumzike Otiende? Huku mvua imezidi, majani chai ni mengi.

Mimi bado nasoma rekodi za seva ya kiwanda nikiwa hapa nyumbani. Mtandao ni dhaifu, na mistari ya rekodi ilikuwa ikichelewa saa nzima. Wiki jana niliacha kuvuta faili lote. Sasa seva inachuja yenyewe na kunitumia mistari ya mwisho tu, nayo inafika papo hapo.

Jana asubuhi ulifika mstari huu: "Otiende ameingia." Halafu: "Bethwel, kifua kinanibana. Njoo."

Nilimpigia Chepkurui, mlinzi wa kiwanda.

"Ofisi yake imefungwa tangu afariki," akasema. "Lakini naskia mtu anachapa huko ndani."

Shemeji, nilikudanganya kule matangani niliposema hakuniandikia lolote. Siku aliyofariki, Otiende aliniandikia maneno hayo hayo kupitia seva. Nikayaona baada ya saa moja, akiwa ameshakata roho.

Jana sikungoja. Nilipanda pikipiki mbio, Chepkurui akanifungulia. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo nilivuta kiti, nikakaa na Otiende mpaka jioni.

Unisamehe ukiweza.

Bethwel