Kumi na Sita Mbele ya Kumi

Mujukuu wangu Kasongo, jambo kule Kasumbalesa.

Sijaambiaka muntu: ule muchezo wa karte, vingt-et-un, wa kutafuta makumi mbili na moja bila kuipita, wenye unaniomba nikufundishe, ni miye nilimufundisha baba. Unaniita kambo juu nabeba jina ya kambo yetu, muzazi wa bazazi betu. Basi sikia kambo wako, hata kama niko na myaka kumi na tano tu.

Nilimuambia baba: “Ukiwa na kumi na sita, na mwenye kugawa karte anaonyesha kumi, omba karte ingine.” Iko kweli. Lakini inapunguza tu kupoteza, haileti kushinda. Ile sikumuambia, juu alikuwa anacheka na kunisifu: “Professeur wangu!”

Akauzisha mashini ya mama ya kushona, akapoteza yote ku kasino. Sasa anadanganya: “Ni mwizi alibeba!” Mama anatukana bajirani sawa beko bezi, na miye nanyamaza! Hasira inanichoma.

Nasikia miguu ya mama ku mulango. Hii karatasi siifichi tena. Asome.