Unga wa Mama Notburga

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukurudishe Hanga ulikozaliwa, ukapumzike. Huku Mjimwema hatujambo. Mahindi yamekubali, na Baba bado hataki mtu akalie kigoda chako.

Ulikuwa mcheshi, mbishi kidogo, na mkono wa birika hukuwa nao. Kila Ijumaa ya Kwaresima uliacha chakula cha mchana, ukapima unga wa mlo wako na kumpelekea jirani yetu mjane, Mwanahawa, tunayemwita Mama Sharifa. Ulisema mtu akifunga halafu unga ukabaki kwenye debe lake, huko si kufunga, ni kubana matumizi.

Moyo huo tulijua ulikoutoa. Ulipokuwa mdogo, mwaka ambao tumbaku ya babu iliharibika, jirani wa Kiislamu aliwapikia uji mchana wa Ramadhani, naye amefunga. Hakuweza kuonja, uji ukazidi chumvi. Ulikuwa ukisimulia huku unacheka.

Domina, binti yako mkubwa, ndiye aliyeona unapoteza chakula. Kwaresima yako ya mwisho, miguu ilipokusumbua, ulimtuma yeye. "Mama, na sisi tunahitaji," alikujibu, akaurudisha unga debeni. Hukugombana naye. Ulisema tu, "Huo si wetu, mwanangu." Wiki ya Pasaka ukatutoka, na jambo hilo likamkaa Domina rohoni karibu mwaka mzima.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza pamoja. Ijumaa ya kwanza Domina alifunga bila kuambiwa na mtu. Ila kwa bidii yake aliusonga kabisa unga wa mlo wake ukawa ugali, akaweka na majani ya maboga, akabisha hodi kwa jirani saa saba mchana.

"Shikamoo, Mama Sharifa. Karibu ule, bado wa moto."

"Marahaba. Mwanangu, si nimefunga!" Mama Sharifa alicheka hadi akakaa chini. "Ndiyo maana mama yako alikuwa analeta unga."

Domina alitaka kuondoka na sahani yake kwa aibu. Akazuiwa. "Iache hapo. Na wewe si umefunga? Kaa, tutafungua wote."

Wakakaa wakichambua maharage. Hapo Domina akamwambia yote, jinsi alivyourudisha unga debeni.

Mama Sharifa alimshangaa. "Mbona unga huo ulinifikia? Mama yako aliuleta mwenyewe kesho yake, anajikongoja na fimbo. Akaniambia, 'Huu kautoa Domina.'"

Siku hiyo uliyoupeleka sote tulikuwa shamba, Mama, wala hukutuambia. Domina alilia sana, na magharibi ilipoingia walikula ugali uliopoa, wakaumaliza. Ameomba tuandike hapa kwamba tangu siku hiyo hajakosa hata Ijumaa moja, na kwamba sasa ni kweli anautoa yeye.

Tunaokukumbuka ni mumeo Gaspari, wanao Domina, Aidani na Leticia, wajukuu zako wote, na Mama Sharifa, aliyetuambia jina lake lisikosekane. Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.