Pengo Langu la Nyumbu

Jumapili, 7 Januari 2024

Niko na miaka themanini na moja. Nimepita ukame wa sitini na moja, nikapita wa themanini na nne, na huu wa juzi ulioacha mizoga kando ya barabara ya Namanga kama magunia. Nimezika mke wa kwanza, nimezika machifu, nimezika simba mmoja – huyo nilimzika na mkuki, si na maombi. Faru walikuwa hapa Kitengela, wameisha. Mimi niko. Kuandika nilijifunza ngumbaru nikiwa na mvi tayari, na mwalimu alisema kichwa kama hiki hajakiona.

Leo kulikuwa na baraza kwa chifu. Msichana wa serikali anaitwa Judy alikuja na ramani kubwa. Wanachora njia za wanyama wa pori za Kenya yote, kutoka Turkana mpaka Kwale. Njia ambayo wanyama bado wanapita itaingia kwa ramani, sheria itailinda. Iliyokufa inafutwa. Akaweka kidole kwa Kitengela. Akauliza, hapa kati ya kwari ya kuchimba mawe na ukuta wa mawe kuna pengo moja limebaki, ni la nani?

Nikasimama. Langu! Nyumbu wakitoka mbuga ya Nairobi kwenda kuzaa huku tambarare hawana mlango mwingine. Kila mtu ameweka fensi. Mimi nimekataa.

Ule ukuta ni wa Oyoo, jirani yangu, mtu wa Siaya anayefanya kazi mjini. Akacheka, akaniita mzee kwa Kijaluo. "Jaduong', hiyo pengo yako inapitisha upepo na boda tu." Watu wakacheka naye. Chifu pia, nilimwona.

Damu ikapanda. Nikamwambia Judy: kuja Ijumaa ya kwanza ya Februari. Utakuta nyumbu wanazaa mlangoni kwangu. Wasipokuja, nitaweka fensi na mikono yangu mwenyewe.

Mtu wa rika la Iseuri halambi mate ametema.

Lekishon, kijana wangu wa kwanza, alikuwa nyuma. Alitoka Rongai asubuhi kwa ajili ya hiyo baraza tu. Yeye anataka fensi, halafu ploti, halafu wanunuzi. Akanishika mkono, ati papa, leo umetusaidia wote.

Jumatano, 10 Januari

Ng'ombe wote wako Kimuka kwa shemeji tangu mwanzo wa Desemba. Hiyo ni desturi yetu. Nyumbu akizaa, kondo na maji yake yanabaki kwa nyasi. Ng'ombe akipeleka pua hapo, baada ya wiki kadhaa macho yanakuwa meupe kama maziwa, halafu anaanguka. Dawa hakuna. Kwa hivyo wakati wao ukifika sisi tunatoka, tunawaachia uwanja. Baba yangu alitoka, babu alitoka.

Lakini nani aliwahi kutoka mapema kama mimi? Hakuna! Nilitaka nyumbu wakute meza imeandaliwa. Na mvua imenyesha ya ajabu. Nyasi iko kwa goti.

Namunyak, mke wangu, mama ya Lekishon, ananung'unika. Nimepeleka maziwa yake Kimuka, tunakunywa chai ya rangi kama wafungwa. Nimemwambia wageni kwanza.

Jumatatu, 15 Januari

Hakuna kitu. Swara wawili na mbwa wa Oyoo.

Ijumaa, 19 Januari

Abdille amepita na lori yake, anatoka soko ya mifugo Kajiado. Huyu ni rafiki yangu, baba yake alinunua ng'ombe kwa baba yangu. Hakuteremka hata. Alitoa kichwa kwa dirisha.

"Sopa, Mzee Parmuat! Siku hizi unafuga nyasi?"

Nikamwambia ni ya nyumbu.

"Wallahi, mbuzi yangu ikiingia hapo nitaitafuta na helikopta."

Nyasi imefika kiunoni, ni kweli. Namunyak akadakia kutoka jikoni – ati nyumbu hapendi nyasi ndefu, simba analala ndani na yeye haoni. Mtu anifundishe nyumbu, mimi! Nilikuwa nawakimbiza kabla baba yake hajaoa.

Jumapili, 21 Januari

Wamekuja.

Jua lilikuwa linatoka. Nilisikia kwanza ile sauti, kama wazee wanaguna. Wengi! Wamejaa kutoka ukuta wa Oyoo mpaka ukingo wa kwari, na majike yamevimba tumbo. Nilitaka kupiga kelele watu waje waone. Nilijizuia.

Jike mmoja mzee alikuwa mbele. Akafika kwa pengo, akasimama. Akatazama nyasi yangu. Akapuliza pua. Akaingiza mguu, nyasi ikamfika kifuani – akautoa. Alisimama muda mrefu. Halafu akageuka, na wote wakageuka nyuma yake, wakashuka upande wa kwari, na lori za mawe zikawapigia honi.

Nilikaa chini hapo hapo kwa umande.

Zamani hatukutoka hivi. Ng'ombe walikula uwanja mpaka ukawa kama zulia, na siku nyumbu wa kwanza mwenye tumbo anaonekana, ndiyo siku tunahama. Tulikuwa tunatoka tukiwa tumefyeka na meno ya ng'ombe. Nilijua hiyo! Nimejua tangu niko mtoto. Nikatoka kabla ya wakati ili watu waone Parmuat amewatangulia.

Namunyak ameniletea uji tu. Ingekuwa afadhali aseme.

Jumatatu, 22 Januari

Nimeita vijana watatu na slasha. Jioni walikuwa wamekata mahali pa kutosha kulaza punda. Tinga ya kukata nyasi haiwezi, hii shamba ni mawe chini, visu vinavunjika. Nikampigia Judy, nikauliza kama Ijumaa inaweza kusongezwa. Alisikitika, sauti yake ilikuwa ya kweli. Alisema ramani inafungwa siku hiyo, baada ya hapo inaenda kwa wakubwa. Njia za kila kaunti zinangoja hiyo hiyo.

Basi imebaki meno.

Lakini nyumbu wako karibu na matumbo yameshuka. Kurudisha ng'ombe sasa ni kuwapeleka kwa ugonjwa na mkono wangu.

Jumatano, 24 Januari

Nimemwambia Namunyak nataka ng'ombe warudi. Aliweka sufuria chini polepole.

"Wako ni wako, Baba Lekishon. Wangu hawarudi."

Ng'ombe niliomgawia siku ya kumwoa ni wake na watoto wao ni wake, hata mimi siwezi kuwagusa bila neno lake. Sikubishana. Nikasema watakuja wangu, na Sampu atakuwa mbele. Hapo ndipo alinitazama. Sampu ni fahali wangu, madoa madoa, pembe kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Kajiado yote hakuna mfano. Mama yake ni ng'ombe wa Namunyak, yeye ndiye alinipa ndama.

"Yeye pia?"

Wengine bila yeye hawali vizuri, wanazurura. Nikasema yeye pia.

Lekishon amepiga simu usiku. Papa, utaua ng'ombe kwa sababu ya nyumbu? Hao si wako, ni wa serikali! Nikamwambia sawa, nyumbu ni wa serikali. Nyasi ni yangu, ng'ombe ni wangu. Na neno nililosema kwa baraza, hilo ni la nani? Akakata.

Ijumaa, 26 Januari

Abdille amewaleta na lori, safari mbili. Hakutania. Aliposhusha Sampu alisema polepole, "Mzee, huyu ungeniuzia mimi kabla." Tumewabana hapo kwa pengo ili wale kwenda ndani, mstari mmoja. Nalala nje nao.

Jumanne, 30 Januari

Wanakula! Njia imefunguka, nyasi fupi kama kichwa cha mwali aliyenyolewa, unaona mpaka ng'ambo. Namunyak anakuja kila asubuhi na fimbo, anachunga upande wa kwari. Kesho kutwa asubuhi Abdille anawarudisha Kimuka, uwanja ubaki wazi kabla Judy hajafika.

Alhamisi, 1 Februari

Naandika kabla sijalala, nisiache kitu.

Lori ilifika mapema. Ng'ombe wakapanda vizuri. Wa mwisho Sampu – akakataa! Abdille anavuta kamba, mimi nasukuma, yeye ameweka miguu minne chini kama nguzo. Abdille akasema hii fahali amefundishwa ukaidi na mwenyewe. Tukacheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati niliona uso wa Abdille umebadilika.

Walikuwa nyuma yangu. Yule jike mzee mbele. Hakusimama safari hii. Akaingia kwa nyasi fupi, na wote nyuma yake, wakatupita pande mbili, lori katikati, vumbi mpaka kwa meno. Nilimpigia Judy nikipiga kelele kama mtoto. Alikuwa ameshafika mjini kwa sababu ya kesho, akaja na boda, viatu mkononi. Alipanda juu ya lori na kamera. Oyoo alikuwa kwa ukuta wake na tai shingoni, amechelewa kazi, hajali. Alipaza sauti, "Jaduong', nimenyamaza!"

Halafu jike mmoja akalala karibu, karibu kabisa. Akazaa. Mtoto alianguka, akajaribu kusimama, akaanguka, akasimama. Judy alikuwa analia. Mimi pia nilitazama huyo mtoto. Wote tulimtazama.

Kamba ya Sampu ilikuwa imetoka mikononi mwetu.

Namunyak ndiye alipiga ukunga. Alikimbia, mwanamke wa miaka yake, na fimbo juu. Nyumbu alikuwa amesonga na mtoto wake na Sampu alikuwa amesimama pale walipotoka, kichwa chini, ananusa. Alimchapa puani. Alimchapa tena. Sampu akainua kichwa, na pua ilikuwa inang'aa.

Judy alishuka akanishika mikono miwili. Akasema Kitengela inaingia kwa ramani, mzee, inaingia. Nikamshukuru. Nilikuwa natazama pua.

Jumapili, 18 Februari

Lekishon hajapiga simu.

Sampu nimemweka hapa peke yake, kwa boma la mama yake. Amekula asubuhi, si sana. Namunyak anamwosha macho na maji ya moto na chumvi, tunajua haisaidii. Jicho la kulia ni jeusi. La kushoto nilifikiri nimeona weupe, nikamgeuza kwa jua, sikuwa na hakika. Nikamwita yeye atazame. Alitazama sana. Akasema jua limekuwa kali, tutatazama jioni.

Nyumbu bado wako uwanjani na watoto wao. Ni kweli walipita kwangu. Asiyeamini amuulize Judy, amuulize Oyoo pale ukutani, amuulize Abdille aliyeshika kamba nami. Namunyak pia aliona. Lakini yeye msimuulize leo.