Vifungo vya Shati la Kaka

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapokanyaga cherehani. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasikia hapa chini. Mziwanda wako naye hajambo. Anakula, analala, na akicheka bado kicheko kinaanzia tumboni na kuwaambukiza hata wasiojua anachochekea. Nimezirefusha salamu kwa makusudi, maana zikiisha itanibidi niseme, na kusema kwenyewe kunanitoa jasho.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba kaka yake Mziwanda alikupigia simu akakwambia mdogo wake amehitimu, anarudi nyumbani Jumamosi, nawe kwa furaha umemkatia shati jeupe la kumpokelea. Ukasema yule jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akikwambia unampotezea mtoto muda shuleni, ulimwita dirishani ukamwonyesha kitambaa. Nilipofika hapo niliiweka barua chini. Tafadhali mama, kaa kwanza. Na kama huyo jirani yupo hapo, mwambie aende kwake.

Mziwanda hajahitimu. Katika kitengo chetu cha watoto wenye mahitaji maalumu hakuna anayehitimu mwezi huu. Ameondolewa. Umevishwa kilemba cha ukoka, na aliyekuvisha ni mwanao mwenyewe, Profesa wetu.

Unakumbuka tulivyofurahi alipoletwa kufanya utafiti kwenye shule ninayofundisha. Jina la Profesa tulimpa sisi akiwa mdogo, kwa kuvaa miwani ya marehemu baba na kuuliza maswali yasiyoisha. Leo lina kibao mlangoni mwa ofisi yake. Alituambia walimu kwamba tunafundisha kwa kubahatisha. Alisema tupime kila mtoto anaweza nini anapoanza, tumfundishe, tumpime tena, ndipo tujue lipi linafaa na lipi ni mazoea tu. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilimtetea kuliko wote, mpaka wakanitania kwamba nimekuwa wakili wa ukoo.

Na sikukosea kumtetea. Tulikuwa na msichana ambaye walimu wote tulimwita mkaidi. Takwimu za Profesa na binti msaidizi wake zilionyesha kwamba akikaa mbele anafanya vizuri, akikaa nyuma anashindwa, siku zote. Wakampeleka akapimwa masikio, kumbe hasikii vizuri. Sasa anakaa mbele na hakuna anayemwita mkaidi tena. Kwa hiyo usije ukadhani naichukia kazi yenyewe. Kazi ilikuwa nzuri.

Mambo yalianza kuharibika wakubwa walipotaka kujua kama kitengo kinapanda au kinashuka. Ikatoka amri kwamba mtoto asiyeonyesha maendeleo katika vipimo viwili ampishe mwingine, naye ahamishiwe kwenye huduma ya nyumbani. Nilimuuliza mwalimu mkuu hiyo huduma ya nyumbani inatolewa na nani, akakohoa, akaniuliza kama chaki zimefika. Huduma ya nyumbani ni wewe, mama. Wewe na goti lako.

Wakaondolewa wa kwanza, na matokeo ya kitengo yakapanda. Kikaoni watu walipiga makofi. Nikasimama nikawaambia kwamba ukiwatoa wafupi kwenye mstari, urefu wa wastani lazima upande, na hakuna hata mmoja aliyerefuka. Profesa alitabasamu, akasema dada anaongea kwa uchungu wa familia. Walimu wenzangu wakatazama viatu vyao. Nilikaa chini.

Kipimo kilichomwangusha Mziwanda ni kile cha kujihudumia: mtoto avae shati na kulifunga vifungo mwenyewe. Hapo ndipo pa kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Vifungo alivijua kabla hajaijua shule, kwenye chumba chako cha ushonaji. Kila shati la mteja likiisha ulilitundika ukutani, naye anasimama mbele yake, anatoa ncha ya ulimi, anafunga kuanzia kola mpaka chini, ndipo wewe unakunja. Hajawahi kuruka tundu. Ila amejifunza akiwa amelielekea shati. Likiwa kifuani mwake kila kitu kimegeuka, na mikono inapotea. Nilikuwa nimeanza kumgeuza polepole: shati nalitandika mezani, kisha mapajani mwake, kisha tungefika kifuani. Tulikuwa tumefika mapajani.

Jina lake lilipotajwa kati ya wanaoondoka, nilidhani ni bahati mbaya. Nilidhani amepimwa na yule binti msaidizi wa utafiti, akaogopa sura ngeni. Nikaenda ofisini kwa Profesa kumwomba arudie kipimo. Alinieleza kwa upole kwamba akimrudia ndugu yake, watu watasema ameupendelea ukoo, na kazi yote itatiliwa shaka, hata ile iliyomsaidia yule msichana wa masikio. Nikamwambia basi amwite mtu mwingine apime. Akasema muda umepita. Akaniomba nisikwambie chochote, kwamba yeye atatafuta maneno laini ya kukwambia. Hayo maneno laini ndiyo umeyakatia shati.

Ningeweza kuishia hapa, mama, ukamlaumu mwalimu mkuu, ukalaumu wakubwa, nyumba yako ikabaki na amani. Lakini jana yule binti msaidizi alinifuata darasani watoto walipokwisha kuondoka. Alisimama akichezea funguo zake mpaka nikamvutia kiti. Akaniambia si yeye aliyempima Mziwanda. Siku ile Profesa alikuja mwenyewe, akamwambia asogee, ndugu yake atampima yeye. Binti akabaki mlangoni na kalamu.

Anasema Profesa alimvalisha shati, akamwambia afunge. Mziwanda alijaribu, akapapasa kifua, akaacha. Kisha akainua macho akaliona shati la kaka yake, likiwa wazi vifungo vya juu kwa sababu ya joto. Akamsogelea. Akatoa ncha ya ulimi. Akavifunga vyote mpaka shingoni bila kuruka hata kimoja, halafu akampigapiga kifuani kama wewe unavyolipigapiga shati likishaisha. Yule binti anasema alikaribia kupiga makofi. Akamuuliza Profesa aandike nini. Profesa, shingo imebanwa na kola, akamwambia aandike ameshindwa, kwa kuwa swali linahusu shati la mtoto mwenyewe.

Binti anasema siku ile Profesa alishinda na kola imefungwa, joto lote lile, na hakuifungua mpaka alipotoka kazini. Aliniambia hilo kama kitu cha kumtetea. Mimi sikuona cha kutetea.

Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Ningesema mtafiti mgeni hakujua, ningemsamehe. Huyu amekulia chini ya cherehani ile ile. Asubuhi alipotoka kwako kwenda kuhojiwa kwa kazi hii hii, mikono ikimtetemeka, aliyemfunga vifungo ni Mziwanda, nawe ulisimama pembeni ukicheka. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia jambo la namna hii, lakini nimemchukia mwanao. Labda itapita. Leo haijapita.

Mwalimu mkuu nimeshamwambia kwamba nitaendelea kupinga, akaniambia nipinge kwa maandishi. Nitaandika. Ila usiweke matumaini, maana nafasi ya Mziwanda imeshapewa mtoto mwingine, na yule mtoto hana kosa. Jana alikaa kwenye kiti chake, na Mziwanda akambebea begi.

Jumamosi nitamleta mwenyewe. Yeye anajua anakuja likizo, na anauliza kila asubuhi tunarudi shule lini. Usimwambie amehitimu. Lile shati jeupe limalize, ulitundike ukutani halijafungwa, akiingia aone kitu anachokijua. Kule kumgeuza nitakuonyesha kulipoishia, tuanzie mapajani.

Nisalimie mashangazi, na wote wanaoniulizia. Jirani wa mlango wa pili naye msalimie, akikuuliza mambo ya kuhitimu mwambie anisubiri mimi.

Profesa ameniambia na yeye atakuja kumpokea mdogo wake. Hajui kwamba najua, na sitamwambia. Akiingia mlangoni, mama, usimkaripie. Mfungue vifungo vya shati, kama ulivyokuwa ukitufungua tukitoka shule, kisha mwite Mziwanda.

Ni mimi, kifungua mimba wako