Buti za Mlinzi Zimeingia Kwenye Sheria

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukicheka tafadhali ucheke umalize ndipo uniandikie, maana mimi nimeshachekwa vya kutosha. Nina miaka ishirini na minne, shule niliishia darasa la tano, kuongea mbele za watu siwezi, nikiulizwa jina tu jasho linanitoka, lakini macho ninayo, naona mambo, na hili niliona tangu siku ya kwanza nikanyamaza na sasa limekuwa kubwa kuliko mimi.

Mimi ni seremala kwenye karakana ya serikali, tunatengeneza meza na viti vya ofisi. Mwaka jana nilitumwa kupeleka kiti tulichokarabati kwenye ofisi ya wanaoandika sheria, ghorofa ya tatu, nikafika getini mlinzi akaniangalia miguu akasema, "Humu hakuingiwi na ndala, kijana, hili ni jengo la sheria." Nikasema basi narudi. Akasema, "Utarudi na kiti kichwani kama umefukuzwa kwenu? Chukua buti zangu za akiba." Shangazi, hizo buti fundi viatu alizipiga soli ya tairi juu ya soli ya tairi, ukizivaa unaona ndani kwa jirani. Nikavaa, nikapanda ngazi ko ko ko kama farasi, nikaingia.

Mle ndani kulikuwa na watu sita wamezunguka meza wanagombana. Nilivyoelewa ni kwamba nchi yetu iko kwenye Umoja na nchi nyingine, na wakubwa wa nchi zote walikaa wakatoa agizo kwamba kiti cha kusubiria cha umma, cha hospitali, cha posta, cha mahakama, kimwezeshe mtu mzima wa kawaida kukaa nyayo zote mbili ziko chini na kusimama bila kushikwa mkono. Agizo lenyewe si sheria ya kwetu, kila nchi inapewa muda iligeuze liwe sheria yake kwa njia yake. Sisi tulipewa miaka miwili. Faili likakaa kabatini miaka miwili kasoro siku mbili, na siku niliyoingia na kiti ndiyo zilikuwa zimebaki hizo siku mbili, na kwenye agizo hakuna palipoandikwa mtu wa kawaida ana miguu ya urefu gani, kila nchi ijijue.

Mmoja akasema apimwe waziri. Mwingine akasema, "Waziri akibadilishwa tutabadilisha na mabenchi?" Ndipo mkubwa wao akageuka akaniona nimesimama na kiti, akaninyooshea kalamu, "Huyu hapa! Mrefu si mrefu, mfupi si mfupi, kitambi hana, hata sura yake ukitoka nje umeisahau." Wote wakasema ndiyo, kweli, huyu ni wa kawaida kabisa. Nikakalishwa kwenye kiti kilekile nilichokileta, bwana mmoja akanipima kuanzia sakafuni mpaka nyuma ya goti, na buti nimevaa. Nilifungua mdomo niseme. Akaniambia, "Usitikisike." Nikaufunga. Na huo mdomo haujafunguka mpaka leo.

Tena haikuishia hapo. Mkubwa akauliza kipimo ni ngapi, akaambiwa, akasema, "Sisi si nchi ya kufanya kile cha chini kabisa tulichoambiwa. Ongezeni vidole viwili vya heshima." Wakaongeza. Mama mmoja anayeandika, jina la ofisini wanamwita Mama Vifungu, akachora jedwali, upande huu Umoja umesema nini, upande huu sisi tumesema nini, akatia vema kila mstari, akasaini kwamba amehakiki. Chini kabisa wakaandika kwamba kipimo kimetokana na raia wa kawaida, ambaye atatunzwa kwa ajili ya ukaguzi.

Huyo wa kutunzwa ni mimi. Nimeandikiwa nisinenepe, nisikonde, nisipande miti. Kule karakana wenzangu wananiita Sheria. Nikichelewa wanasema, "Sheria imechelewa kutoka." Nikila maharage wanasema, "Sheria inameza." Siku moja niliteleza kwenye maranda nikaanguka, msimamizi akapiga kelele, "Jamani, Sheria isivunjike!" wakanibeba wanne.

Mabenchi yakatoka, Shangazi. Tumeyatengeneza sisi wenyewe, kwa mikono yangu hii, mia na mia. Na mimi mke wangu ni mjamzito wa miezi minane, mwezi uliopita nikamsindikiza kliniki, tukakuta benchi jipya limejaa, watu kumi na mmoja wamekaa na miguu yote iko hewani inabembea, watu wazima, mmoja ana mvi mpaka kwenye nyusi. Yule mzee akamwambia mama wa pembeni, "Mwanangu, nishushe." Mama akamjibu, "Nikushushe vipi, baba, na mimi mwenyewe nilipandishwa?" Nesi akitoka haiti namba tena, anasema, "Anayefuata aruke." Unasikia puu! anayefuata huyo. Mwingine akasema aliyetunga kiti hiki alimpima twiga, wote wakacheka, na mke wangu akacheka, akanitania, "Hivi huyo waliyempima alikuwa na miguu ya nani?" Mimi nikaangalia bango la chanjo.

Yeye anajua mimi ndiye niliyepimwa na anajivuna nalo, anadhani sisi wa karakana ndio tuliokosea kukata mbao. Habari ya buti hajui. Na miguu yake sasa imevimba, nesi amemkataza kukaa ikining'inia, na kukaa sakafuni akishakaa hainuki, kusimama saa tatu kwenye foleni hawezi. Juzi ameniambia Jumanne kliniki haendi, atasubiri tu uchungu nyumbani. Mama mkwe akaniambia, "Mkwe, mwanangu ameolewa na Sheria halafu hana pa kukaa?"

Sasa Alhamisi wanakuja wakaguzi watatu wa Umoja kuangalia kama agizo tumeligeuza sawasawa. Nitakalishwa mbele yao kwenye benchi, nyayo zifike chini, nisimame bila kushikwa. Tumeshafanya mazoezi, na kwa vile vidole viwili vya heshima hata nikivaa buti zinagusa ncha tu, mkubwa ananiambia, "Legeza kiuno, kijana, inyooshe nchi yako." Mlinzi ameniwekea buti zake amezipaka rangi, anacheka mpaka anashika geti, "Vaa, kwani zitakuuma? Buti zangu zimeingia kwenye sheria, mimi hata kwetu sijawahi kuingia kwenye kikao cha familia." Nikivaa, wakaguzi watatia vema na mabenchi yatabaki hivyo, na mengine elfu nne yameagizwa ya shule na mahakama. Nisipovaa, nchi itaaibika, na Mama Vifungu ndiye aliyesaini, na katika wote wale ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia kaa unywe chai, mwanangu. Nilishafikiria kwenda kliniki na msumeno usiku nikate miguu ya benchi, nikaogopa, maana nitakuwa nimejikata mwenyewe. Shangazi, nivae buti au nisivae? Jina langu ulifiche, nakuomba sana.

Mimi,
Kijana wa karakana


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, nimemaliza, nimefuta machozi, sasa tusikilizane.

Kwanza hilo la jina. Nchi nzima ina mtu mmoja tu anayetunzwa kwa mujibu wa sheria, halafu unaniambia nikufiche. Nikufiche wapi? Gazeti hili linatoka Jumamosi, na Jumatatu litakuwa mezani kwa Mama Vifungu pamoja na chai yake. Hivyo swali lako la kusema au kutosema limeshakufa, tulizike. Limebaki la nani atamfikia kwanza, wewe au gazeti.

Pole nakupa, maana kosa la kwanza halikuwa lako. Watu sita wenye shahada, wamepewa miaka miwili, wanatafuta mtu wa kawaida kwa kuangalia nani kaingia mlangoni. Angeingia bata wangepima bata. Na vile vidole viwili vya heshima ni vyao, usivibebe. Mimi huku nimekuwa nikienda posta kila wiki nikirudi nyumbani nikijipima ukutani, nikidhani uzee umenianza miguuni.

Pole imekwisha. Sasa sikia. Siku ile ulikuwa na haya, na haya si dhambi. Lakini tangu kliniki hukuwa na haya tena, ulikuwa na woga, na ukauvalisha nguo ya huruma ukasema unamlinda Mama Vifungu. Unamlinda na nini? Unamwacha aende mbele ya wageni na jedwali lililojaa vema za uongo, yeye hajui, wewe unajua, mlinzi wa geti anajua. Huo ndio ulinzi? Aliyekukaribisha chai halipwi kwa kumwacha aanguke akiwa ametabasamu.

Tena umelielewa agizo vizuri kuliko wale waliosoma, ila hujitambui. Umeliandika mwenyewe: nyayo ziko chini, mtu asimame bila kushikwa mkono. Hilo ndilo Umoja unalotaka. Njia ya kufika hapo waliwaachia ninyi. Umoja haukuomba sentimita zenu, wala buti, wala heshima ya vidole viwili. Nchi ikiwa na jedwali zuri na mzee mwenye mvi anaomba kushushwa, haijatekeleza kitu, imenakili tu. Na sheria iliyotungwa kwa siku mbili hurekebishwa, haikuandikwa kwenye jiwe. Nchi inayowaambia wakaguzi, "Tulipima vibaya, rekebisho hili hapa, tunaomba miezi mitatu," hupewa miezi mitatu na karipio dogo. Nchi inayokamatwa ikimnyoosha raia wake kiuno, hiyo ndiyo inayoaibika, na picha zinapigwa.

Kwa hiyo buti huvai. Mrudishie mlinzi wake, umwambie Shangazi anamsalimu na acheke taratibu.

Jumatatu ofisi ikifunguliwa uwe mlangoni kwa Mama Vifungu. Huwezi kuongea? Usiongee. Chukua tepu ya karakana, vua viatu, kaa kwenye kiti, mpe tepu. Ni mwanamke anayesoma vifungu, atausoma na huo mguu. Akikuuliza ilikuwaje, sema maneno manne tu: "Nilivaa buti za mlinzi." Yahesabu, manne, hata wewe yatakutoka. Atakasirika, na ana haki, msubiri amalize. Kisha umwombe mfanye kazi ambayo haikufanyika mwaka jana: nendeni kliniki, nendeni posta, mkapime watu wengi, wake kwa waume, mwenye mvi na mwenye mimba, maana hakuna mtu mmoja aliye wa kawaida, na wewe mwanangu kwa barua hii umethibitisha hivyo. Ana siku tatu kabla ya Alhamisi. Wenzake walimaliza jambo zima kwa siku mbili.

Mkeo mwambie leo, gazeti likiwa bado mkononi mwako. Asije akasoma kwa jirani. Atakucheka, kisha atakununia, kisha atataka kuziona hizo buti. Vumilia yote matatu.

Na Jumanne ataenda kliniki, hilo halina mjadala, mimba ya miezi minane haisubiri bunge likae. Msumeno uache, benchi ni la serikali, ukilikata utakuwa na kesi na mtoto kwa pamoja. Lakini sheria yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, imepanga urefu wa kiti. Chini ya kiti haikusema kitu. Wewe ni seremala. Tafuta ubao mnene, upigilie miguu mifupi iliyo imara isiyocheza, uwe kama ngazi moja ya kuwekea nyayo, umwombe nesi ruhusa, uuweke mbele ya benchi Jumanne asubuhi kabla foleni haijajaa. Usiukate wa mtu mmoja, eti wa mke wangu. Ukate urefu wa benchi zima, wote kumi na mmoja watue miguu.

Na safari hii, kabla hujakata, kapime miguu ya wanaokaa.