Kibao cha Nazi na Nyonga ya Kauri

Jumatatu, mwezi wa tano. Kibiti.

Mvua imekata tangu Ijumaa, na jua la leo ni la kuanikia mpunga. Wenzangu wanafurahi. Mimi nimeamka na hamu, na wala si hamu ya chakula. Nataka kupanda dungu la mama yangu.

Kwa mnaosoma huku mtandaoni na hamkujui kwetu: dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga. Sisi watu wa Rufiji, mpunga ukianza kutia punje tunahamia humo. Tunapanda kwa ngazi ya miti, tunapika humo, tunalala humo, na kutwa nzima tunaamia ndege wasile mpunga. Mama yuko huko sasa hivi, upande wa Mtunda. Ana miaka sabini na kitu na ngazi anaipanda kama anaingia chumbani kwake. Mimi mwanawe nina arobaini na tano, na ni mwaka wa kumi na nne sijakanyaga juu.

Nilianguka kwenye ngazi hiyohiyo. Kipandio kilikuwa kimeoza, nikavunjika nyonga, nikaungwa, haikuunga. Miaka miwili nilitembea kwa magongo. Kisha wakaja Dar madaktari wageni, wakanitoa mfupa na kunitia nyonga ya kauri. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa kinatoka nje: mitumba, redio za kaseti, sabuni za kunukia, na nyonga ya Mwanaidi. Kabla hawajanilaza, mmoja wao alinishikisha nyingine kama hiyo. Nyeupe, nzito, laini kuliko yai la bata. Akasema kwa kuwa bado kijana, ya chuma na plastiki ingenilikia mapema, lakini hii italika kidogo sana kwa miaka mingi. Masharti yake yalikuwa matatu: nisichuchumae, nisikae chini, nisipande ngazi.

Nimeyashika. Kaka yangu alinijengea choo cha kukalia. Naswali kwenye kiti, na mpaka leo wenzangu wakisujudu roho yangu inakwenda nao mkekani, mwili unabaki kitini. Msibani mimi ndiye mwanamke peke yangu niliyekaa juu ya vichwa vya watu, kama mgeni rasmi. Nilidhani nimezoea.

Sijazoea.

Tangu mwaka jana nyonga inalia. Kwii. Nikiinuka kwenye kiti, kwii. Nikigeuka ubaoni, kwii. Watoto wangu wa darasa la nne wameshaijua, nikifika mlangoni nakuta kila mtu kainamia daftari kama malaika. Haiumi, ila inatia aibu, hasa msikitini.

Mwezi wa tatu nikaenda Dar. Daktari akaipiga picha, akaitazama sana kwenye mwanga. Akanieleza kwamba kauri ni ngumu mno, lakini mguu ukikunjwa kupita kiasi, tena na tena, ule mpira wa kauri unapanda kwenye mdomo wa kikombe unamozunguka na kusugua hapo. Pakishasuguka ulaini unapotea, ndipo inapoanza kulia. Ikiendelea inaweza kumeguka, na vipande vya kauri ndani ya nyama si kitu cha kuombea adui. Kisha akaniuliza. Unachuchumaa? Hapana. Unakaa chini, mkekani? Hapana, daktari. Unakalia kigoda kifupi? Hapana. Akakuna kichwa. Akasema nirudi baada ya miezi miwili, akiona kilio kimezidi atanifungua abadilishe.

Siku yenyewe ni Alhamisi hii.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa naomba anifungue. Nilijitungia kichwani: kauri mpya, nyonga mpya, kisha ngazi. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Lakini mtu mwenye hamu hahitaji kuahidiwa, anajiahidi mwenyewe.

Juzi Jumamosi nikashindwa kungoja. Nikadandia gari lililokuwa likienda Mtunda, nikamalizia kwa miguu na fimbo yangu. Kapuni nilikuwa na samaki wawili, nazi mbili na kibao changu cha mbuzi, maana nazi ya kukunwa na mtu mwingine mimi siiamini. Zuhura binti yangu hukuna mpaka kwenye kifuu, tui likawa na weusi kama limepikwa kwa majivu.

Mpunga ulikuwa umenipita kichwa. Kabla sijatokeza, nikasikia sauti ya mama kutoka juu: "Mwanaidi huyo!" Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kanionaje. Akasema hakuniona, kanisikia. Sijui kama alikuwa ananitania.

Asingeweza kushuka. Kwelea walikuwa wanakuja kundi baada ya kundi, na yeye kashika kamba za makopo mikono yote miwili, huyo anavuta, huyo anazomea. Akanishushia kikapu kwa kamba. Ndani mlikuwa na pepeta ya mpunga mpya, uliokaangwa na kutwangwa, bado ina joto la kinu. Nikaila nimesimama, nimeegemea nguzo, naziona nyayo zake tu kati ya fito za sakafu. Zilikuwa mita mbili juu yangu. Nikalia kidogo, kimyakimya, asisikie.

Kisha nikatoa kibao, nikakikalia, nikaanza kukuna nazi.

Kwii. Naikandamiza nazi kwenye meno ya kibao, kwii. Juu makopo yakanyamaza. Nikainua macho nikakuta jicho la mama kwenye ufa.

"We Mwanaidi, umekaaje hapo?"

"Nakuna nazi, mama."

"Magoti yako yako masikioni! Daktari wako anajua?"

"Kaniuliza kama nakaa chini. Sikai."

"Na hapo uko wapi? Uko angani?"

Nikasema kibao si chini, wala si kigoda, kibao ni kibao. Nilipojisikia nikisema hivyo, nikaacha kukuna. Kila siku iendayo kwa Mungu, miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni, nazi moja au mbili. Nilikataa mkeka wa msala, nikakikubali kibao cha nazi.

Je, nilikuwa sijui? Siku ya kwanza sikujua kweli, nani anayehesabu kibao kuwa kiti? Lakini siku ile Dar, daktari alipotaja kigoda, kibao kilinipitia akilini kikatoka. Nilikiacha kitoke. Ningekisema, angeniambia niache tu kukikalia, nyonga itulie, asinifungue. Na ngazi ningeisahau moja kwa moja.

Kikapu kikashuka tena, kitupu.

"Kitie humo."

"Mama, na samaki?"

"Samaki nitawala wa chukuchuku. Kitie."

Nikakitia. Nikakiangalia kibao changu kikipanda, kikigongagonga nguzo, kikaingia mlango ambao sijauingia tangu mwaka ule nilipoanguka. Mama akachungulia. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni moshi. Akasema: "Siku ile nilikuokota hapo ulipokaa. Sitaki kukuokota mara ya pili. Siku ukiambiwa na daktari kwamba unaweza kupanda, njoo ukichukue mwenyewe."

Akageuka akaanza kuwazomea ndege, kwa ukali zaidi kuliko walivyostahili.

Kwa hiyo Alhamisi nitamwambia daktari. Nitamwambia nakuna nazi, nitamwonyesha na jinsi ninavyokaa. Naijua jinsi atakavyonijibu, na naijua hasara yake. Kibao kitazeekea juu ya dungu, nami nitakuwa naenda kila msimu kusimama chini, nile pepeta yangu ya kamba na kuzitazama nyayo za mama. Maadamu zipo.

Leo nazi kakuna Zuhura. Wali ulikuwa na weusi kweli. Nimekula mpaka ukoko, na sikumwambia kitu.