Ng'ombe Amelamba Utafiti wa Sayi

Rafiki yangu Tajudin, sikuwa na maabara, sikuwa na darubini, na leo nimegundua hata akili sikuwa nayo.

Mjukuu wangu Sayi alileta kopo la tope la mikoko kutoka pwani, atafute bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha wanga. Nilionja kidogo. Chumvi tupu. Nikampa ng'ombe wangu mwenye ndama, akalamba lote.

Kopo nikalijaza tope la lambo la hapa Nkololo. Tope ni tope, nilisema. Sayi akalichukua akaanza kulipima bila kujua.

Leo akaja anacheka peke yake. "Babu, wamo. Wanakula wanga vibaya sana. Namwandikia mwalimu wangu chuoni sasa hivi."

Wamo, Tajudin. Kwenye tope la Nkololo.

Ikabidi niseme ukweli.

"Miezi minne ya kazi, babu," akasema. "Na ng'ombe?"

"Maziwa yameongezeka."

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa kalamu. "Maelezo ya mshtakiwa andika mwenyewe."

Nimemwandikia mwalimu wake kurasa mbili, mwandiko wa shule ya usiku. Nimekiri yote, nikaomba bakteria wa Nkololo nao wapimwe. Bahasha nimeilamba kama yule ng'ombe, nikaifunga. Basi la Dar limeondoka nayo.